Mama Mkwe na Suruali ya Mgeni

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, mama yake alivuka ziwa kutoka Nansio kuja kumhudumia. Alishuka melini na mkungu wa ndizi, udaga wa muhogo, samaki wakavu, na ufagio wake mwenyewe. Huo ufagio ndio ulionitia wasiwasi.

Mimi ni Msukuma, mke wangu ni Mkerewe, na pande zote mbili mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Simpi mkono. Siketi naye benchi moja. Sitafuni mbele yake. Sasa nyumba tuliyopanga hapa Kirumba ina vyumba viwili na sebule, na choo kiko uani, kwa hiyo heshima hiyo ilihitaji mipango. Nikitaka kutoka chumbani nilikohoa kwanza. Yeye akiwa sebuleni aliburuta kiti kunijulisha kwamba amesikia, halafu nikasubiri mpaka mlango wa uani ulie. Nilikohoa sana mwezi ule, hadi jirani akatuletea tangawizi.

Kuzungumza ndiyo kabisa. Ujumbe ulipitia kwa binti yetu mkubwa, ambaye hata shule ya awali alikuwa hajaanza.

"Mwambie baba yako chai iko mezani," alisema mama mkwe, akiwa upande wa pili wa pazia.

"Baba, bibi anasema chai iko mezani."

"Mwambie bibi asante."

"Bibi, baba anasema asante."

Na wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri tu.

Mama mkwe hakuweza kuvumilia uchafu. Nilikuwa nikiamka kwenda kwenye karakana yangu ya kutengeneza friji, nakuta uwanja umefagiwa, wa jirani umefagiwa, na kichochoro kimefagiwa mpaka barabarani. Siku moja alimfagilia mtu aliyekuwa amekaa kibarazani kwake akipiga mswaki. Mtu yule alihama na kikombe chake, akasogea na kusogea, mwisho akajikuta ndani.

Basi Ijumaa moja mwenyekiti wa mtaa akapita na bodaboda, kipaza sauti kimefungwa mbele: "Kesho usafi! Kila nyumba itoe mtu! Tunakwenda ufukweni, wageni wanatucheka!"

Ufukwe wenyewe hauko mbali na kwetu. Ni mawe makubwa yaliyopandana mpaka ndani ya maji, na katikati yake kipande kidogo cha mchanga. Wageni wanakuja kwa ajili ya mijusi. Wapo mijusi wa pale wenye kichwa na kifua cha waridi na mkia wa buluu, wanaota jua juu ya mawe wakiinuka na kushuka kama askari kuruta mazoezini. Sisi tuliozaliwa nao hatuwatazami. Wageni wanalala kifudifudi kutwa nzima kuwapiga picha. Sisi tunakwenda pale Jumapili, tunakula chipsi, tunaacha kifungashio, na wiki nzima mgeni anampiga picha mjusi aliyekaa juu ya pampasi.

Mama mkwe alisema ataiwakilisha nyumba. Alimwambia binti yake, binti yake akaniambia mimi. Nikasema haiwezekani, kwa sababu mimi niko kwenye kamati, ndiye ninayegawa glavu na magunia. Jibu likarudi kwamba hata nyumba ikitoa watu wawili, hakuna sheria iliyovunjwa.

Asubuhi alitangulia. Nilimfuata kwa mbali kama askari kanzu anayemfuatilia mtuhumiwa. Akisimama kusalimiana na watu, nami nilisimama nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Pale ufukweni mwenyekiti alianza hotuba. Mama mkwe hakuja kusikiliza hotuba. Aliokota reki iliyokuwa imeegemezwa kwenye jiwe, akaanza kazi, na mwenyekiti alipofika kwenye "ndugu wananchi, mazingira ni uhai," reki ilikuwa imefika miguuni pake.

"Nyanyua mguu, baba," mama alimwambia.

Mwenyekiti alinyanyua.

"Na huo mwingine."

Hotuba ikaishia hapo, na nadhani ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Baada ya hapo mtu aliyetuongoza alikuwa mama mkwe. Akina mama wa kikundi cha kukopeshana walipewa mchanga. Madereva wa bodaboda walipewa mawe ya juu. Mimi, kwa kuwa hakuweza kunituma moja kwa moja, alinituma kupitia mwenyekiti: "Mwambie huyo wa magunia asogee upande wa magugu maji." Korongo wawili wenye vipara walisimama juu ya jiwe, mabawa wameyakunja mgongoni, wakitukagua.

Dereva mmoja alikuta chupa tupu zimefungwa kwenye kamba akataka kuzikata. Mama mkwe alimpigia kelele hadi korongo mmoja akaruka.

"Acha! Hayo maboya ya nyavu za watu! Kitu chenye mwenyewe kimefungwa, au kimewekewa jiwe, au kina mtu amekikalia. Kisicho na hata kimoja, hicho ni taka. Zoa."

Tukaipokea kama sheria. Watu walikuwa wakiulizana, "Kimefungwa? Hapana. Kina jiwe? Hapana. Haya, zoa."

Kazi ilikuwa inaelekea mwisho nilipomwona kule nyuma ya jiwe la mwisho, lile lililo karibu na maji. Aliinua kitu kwa meno ya reki, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama anayemtoa nyoka aliyekufa. Ilikuwa suruali. Imechanika magoti yote mawili, na paja moja lina dirisha. Ikafuata fulana iliyopauka, na viatu vya mpira vyenye matundu kila mahali, vimejazwa soksi.

"Jamani," nilimsikia akisema, "hata maskini ana aibu. Huyu amechelewa sana kuvitupa."

Vyote vikaingia gunia. Gari la taka lilikuwa linasubiri, magunia yakapakiwa, likaondoka. Ufukwe ulibaki mweupe, unapendeza. Mwenyekiti akafungua kreti la soda.

Nilikuwa nimepiga funda la kwanza mama mmoja wa kikundi alipopiga yowe.

Kutoka nyuma ya jiwe lile la mwisho alitokea mzungu mrefu, mwekundu kama nyanya, anadondoka maji, na mwilini hana kitu isipokuwa chupi yenye picha za mananasi. Alikuwa ameogelea akazunguka upande wa pili wa mawe, hatukumwona, wala yeye hakutuona. Alikuja akipapasa hewa kwa mikono yote miwili, amefinya macho. Mtu wa kwanza aliyemfikia alikuwa yule korongo aliyebaki.

"Shikamoo mzee," mzungu alimwambia kwa adabu. "Samahani. Mimi ninatafuta suruali yangu."

Korongo alimtazama, akageuka, akaondoka zake taratibu. Mzungu akamfuata. "Tafadhali, mzee. Miwani yangu imo ndani ya kiatu."

Hapo watu tulianguka. Soda ilinitoka puani. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekumbuka cheo chake.

"Wewe bwana, umeoga humo? Kuna kichocho!"

"Asante kwa taarifa," alisema mzungu, akigeukia sauti ilikotoka. "Lakini naomba suruali kwanza."

Nilimtafuta mama mkwe kwa macho, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Alikuwa amesimama na reki yake, mdomo wazi. Kisha alifungua kanga aliyokuwa amejifunga juu ya gauni, akageuza uso pembeni, akainyoosha mbele kama anaanika. Mzungu akaipapasa, akaipata, akajifunga. Alipogeuka, maandishi ya kanga yakamkaa sawasawa makalioni: NILICHO NACHO CHANITOSHA.

Akina mama wakaanza upya kucheka, wengine wamekaa chini kabisa.

"Baba!" mama mkwe alipiga kelele. "Bajaji!"

Niligeuka kuangalia ni baba gani anayeitwa. Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Ni mimi. Tangu nimemwoa binti yake, hilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia ana kwa ana, na halikuwa na "mwambie" mbele yake.

Nilikimbia kuita bajaji.

Tatizo likaja kwenye kukaa. Kiti cha nyuma ni kimoja. Mbele na dereva sheria hairuhusu, na dereva mwenyewe alikuwa mnene. Nilisimama, mama mkwe akasimama, kila mmoja akimtazama mzungu. Tukamweka katikati. Mama mkwe alishika reki, meno yakiwa nje, na kila tulipopita watu waliruka pembeni.

Mzungu alikuwa mtu mwema kweli. Alituambia kwamba amejifunza Kiswahili kwao kwa vitabu kwa sababu ya mijusi. Alitaka kuwasoma, na akaona aibu kuja kuwasoma mijusi wa watu bila kujua lugha ya watu. Maneno yake yalikuwa safi kuliko yangu, isipokuwa aliyatamka moja moja kama anayepanga vyombo.

"Mwambie mwenzako," mama mkwe alimwambia, akiangalia nje, "amwambie dereva apite njia ya juu, gari la taka huwa linapita huko."

Mzungu alinigeukia, ingawa pua zetu zilikuwa karibu kugusana. "Mama anasema umwambie dereva apite njia ya juu. Gari la taka huwa linapita huko."

"Mwambie mama dereva amesikia."

"Mama, anasema dereva amesikia."

"Nimesikia," akasema dereva.

Tulikwenda hivyo kitambo. Kisha mzungu akauliza kwa upole, "Samahani. Je, nyinyi mmegombana?"

"Hapana!" tulisema pamoja, mimi na mama mkwe, halafu wote wawili tukaona haya.

Nikamuuliza kama simu nayo imepotea. Akasema ndiyo, ipo kwenye soksi. Ana laini ya hapa hapa, na namba yake anaijua kwa moyo kwa sababu ndiyo aliyojifunzia kuhesabu. Akanitajia, nikapiga. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikapokelewa.

"Haloo!" Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za ndege na tingatinga. "Nani mwenzangu?"

"Wewe ndiye nani?" niliuliza.

"Umenipigia wewe, halafu unaniuliza mimi! Jitambulishe!" Akakata.

"Gari limeshafika dampo," nilisema. Nilisema nikimwangalia mama mkwe. Aliitikia kwa kichwa. Mzungu alitutazama mmoja mmoja, nadhani akijiuliza kama kazi yake imeisha.

Dampo ni mlima. Moshi unatoka huku na huku, korongo ni wengi kama kuku, na watu wanapanda na kushuka na viroba vya chupa. Hatukuhangaika kumtafuta tuliyemtaka. Alikuwa amekaa juu ya tairi, mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya mpira vyenye matundu na miwani minene, simu ameishika mbali akijaribu kuisoma.

"Shikamoo mama," mwanamke alimwamkia mama mkwe, maana adabu ni adabu hata dampo.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri mama. Ila leo naona dunia imeinama."

"Ni hiyo miwani. Ivue. Ina mwenyewe."

Mwanamke hakuvua. Alikunja mikono. "Mama yangu, kwa heshima zote. Kilichofika hapa hakina mwenyewe. Kilikuwa kimefungwa? Hakikufungwa. Kimemwagwa. Kikishamwagwa ni cha aliyekiokota. Hiyo ndiyo sheria ya hapa."

Nilitamani kucheka, nikakohoa kwa mazoea. Mama mkwe alisimama akiitazama sheria yake mwenyewe imevaa miwani ya mzungu.

"Ni mimi niliyekosea," alisema hatimaye, sauti ya chini. "Nilikizoa mimi. Huyu mgeni alikuwa ndani ya maji. Nimemvua nguo mtoto wa watu, mwanangu, mbele ya mtaa mzima. Nikirudi nyumbani bila suruali yake nitamwambia nini binti yangu? Ana mtoto mchanga, na maziwa yatakauka kwa aibu."

Mwanamke yule alimtazama mzungu kuanzia juu mpaka chini, akamzungusha kidogo kwa bega ili asome kanga. Akasoma polepole, kwa sababu ya miwani. Alipomaliza alicheka mpaka akalikamata lile tairi.

"Huyu kweli ametosheka," alisema. Akavua miwani, akampa. Akampa na simu. Suruali aliirusha bila hata kuombwa, fulana ikiwa imeviringishwa ndani yake. "Hiyo chukueni. Hata mimi sikuitaka. Imeoza magoti."

"Ndiyo mtindo wake," alisema mzungu, akivaa miwani. Aliangaza pande zote, akaniona mimi, akamwona mama mkwe, akauona mlima wa taka, na mwisho akajiona mwenyewe na kanga yake. "Lo," alisema. Neno hilo sijui kama alilipata vitabuni.

Vikabaki viatu. Mwanamke alivipenda. Alivisimamisha, akavigeuza, akasema havitoboki na miba maana vimeshatoboka vyote. Mzungu alisema abaki navyo, ni zawadi. Mama mkwe akakataa katakata. Mgeni haondoki peku mikononi mwake. Walivutana kidogo, mwanamke akasema atavitoa kwa ile reki, kwa sababu yeye siku zote anachakura kwa fimbo. Mama mkwe alimpa papo hapo, hakufikiri.

Reki ilikuwa ya mwenyekiti.

Nilidhani safari imekwisha, tutampeleka mgeni hotelini kwake Nyamagana tukapumzike. Mama mkwe hakukubali nguo zilizotoka dampo zivaliwe. Tukarudi nyumbani wote watatu. Alizifua kwa sabuni ya mche, akazisuuza, akazifua tena, akazianika. Alipoziona kwenye kamba alisononeka, akaingia ndani kuchukua sindano na kitambaa cheusi. Mke wangu alimkimbilia.

"Mama, acha! Ndivyo zinavyouzwa!"

"Zinauzwa zimechanika?"

"Ndiyo, mama. Na ni ghali kuliko nzima."

Mama mkwe alikaa chini kuifikiria habari hiyo.

Jua lilikuwa kali lakini suruali ile ni nzito, kwa hiyo mgeni alikaa sebuleni na kanga yake akila ugali na sato. Hapo ndipo mipango yetu yote ilipovunjika. Mgeni haachwi peke yake. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Mimi nikiondoka, mgeni atabaki na mama mkwe, na mama alikuwa bado anamwonea haya. Mama mkwe akiondoka, ni nani atamwongezea mboga? Basi tulibaki wote. Mimi mlangoni, yeye dirishani, mgeni katikati na sahani.

"Sasa naelewa," alisema mgeni. "Ni heshima."

"Ni heshima," alisema mama mkwe. "Huyu amechukua binti yangu. Nikimzoea, siku binti yangu akilia nitamgombeza. Nisipomzoea, nitanyamaza, na wao watamaliza wenyewe. Ndiyo maana ndoa yao ina amani."

Sikuwahi kuambiwa hivyo. Nilikuwa nadhani haniangalii kwa sababu sikumridhisha. Kwao nilikwenda na ng'ombe mmoja wa mahari aliyekuwa anachechemea, na miaka yote nilijua ni yule ng'ombe.

"Mama," nilisema. "Hatujawahi kukosa amani. Binti yako ananigombeza mwenyewe, anatosha."

Aligeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Suruali ilikauka. Mgeni aliivaa, akaikunja kanga vizuri akairudisha kwa mikono miwili. Mama mkwe alikataa kuipokea. Alisema imeshauzoea mwili wake, aende nayo. Aliondoka nayo begani.

Kesho yake nilikohoa kama kawaida, kiti kikaburutwa kama kawaida. Mwenyekiti alikuja kuulizia reki yake, na mama mkwe alimtuma binti yetu akamwambie kwamba bibi amelala. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia na ufagio.

Mtoto alipopata nguvu mama alirudi kwao. Miezi baadaye nilikwenda Nansio kwenye harusi ya shemeji yangu, na nilipokuwa naingia uwanjani kwao mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono na kunipongeza. Nikamuuliza kwa lipi.

"Si wewe mkwe wa yule mama aliyemtoa mzungu ziwani? Akiwa anazama? Akamvuta kwa kanga?" Alinitazama kwa heshima kubwa. "Na wewe ukamshikia miguu asiteleze kwenye mawe."

Watu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Kule mbele, chini ya turubai la harusi, nilimwona mama mkwe amenipa mgongo, akipanga vikombe kwa uangalifu usio wa kawaida.

"Mzungu mwenyewe alikuwa mzito," nilimwambia yule mzee.